Damu ya Askofu

Tangu kila mcheza kamari apewe haki ya kuona vipimo vya damu ya farasi wa mbio kwenye simu yake, nyumbani kwetu hakunywewi kahawa, kwa kuwa ni marufuku kwa farasi wa mbio. Farasi aitwaye Askofu hulala nyuma ya jiko letu, na Baba ndiye mtunzaji wake. Hata dawa ya kikohozi, Mama huenda kuinywea kwa jirani.

Nami, kwa heshima zote za mwanafunzi wa bweni aliyerudi likizo, nilimlambisha Askofu peremende mbili za kahawa. Nilitaka tu kuona atakavyobinua midomo.

Saa nane mchana, mbio zikikaribia, simu ya Baba ilitangaza: "Kahawa imeonekana. Watu elfu arobaini wanatazama."

"Ni nani?" Baba aliuliza.

"Ni mimi, Baba. Ilikuwa mzaha."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alimgeukia Mama. "Nichemshie kahawa. Iwe kali."

"Baba Kiprono, wewe hujawahi kunywa kahawa!"

"Daktari wa mbio anakuja kunipima. Akiikuta kwenye damu yangu, watasema ilimfikia farasi kwa uzembe wa mtunzaji, nami nitafutwa kazi. Asipoikuta, watasema ni hila, na mtu wa nyumba hii atafungwa."

Aliinywa ikiwa moto. Tukakaa kumsubiri daktari.

Simu ikalia tena. Wacheza kamari walikuwa wamefunguliwa dau jipya: nani katika nyumba hii alimlisha farasi? Baba alikuwa amewekewa dau na watu mia mbili.

Wengine wote wa wale elfu arobaini walikuwa wameniwekea mimi.