Nusu ya Kidonda

Daktari alipoanza kufungua bendeji mguuni mwa mume wangu Ghalib, mkono wangu ulilifinya fundo la leso mpaka likalowa.

Kidonda kile cha sukari kilikuwa kikimla mwezi wa pili sasa. Karatasi ya kukatwa mguu ilikuwa tayari mezani.

Bendeji ikaanguka. Nusu moja ya kidonda ilikuwa nyeusi vile vile. Nusu ya pili ilikuwa imeota nyama changa, nyekundu kama ufizi wa mtoto.

"Subhanallah! Ngozi ina chembe mama zilalazo, zizaazo nyama mpya," daktari akasema. "Hapa zimeamka. Nani kaziamsha?"

"Mimi, kwa utomvu wa mshubiri, kila alfajiri. Nilitia nusu tu, usije ukasema ni sindano zako."

Ghalib akanigeukia. "Ewe mwanamke, na nusu hii nyingine ulimwachia nani?"

"Ni ushahidi, bwana."

"Ushahidi kwa mguu wangu!"

Daktari hakucheka. Aliikunja ile karatasi, akautazama ute uliokuwa ukidondoka sakafuni kutoka lesoni mwangu.

"Bi mkubwa, umebaki mwingine?"

Nikalivamia fundo kwa meno, kulifungua.