Kidude cha Kwenye Mwani

Bi Mize aliweka chupa ya jamu mezani. Ndani, kwenye spiriti, mlikuwa na kidude laini kama mlenda alichokibandua kwenye mwani anaoulima.

"Mikono ya mwanangu imevimba tangu akiguse, hata kijiko hashiki. Daktari anataka jina la hiki."

Rehani, mtaalamu wa viumbe vya bahari, akainamia darubini, akaguna.

"Hiki si kimoja, mama. Ni mtaa mzima, vidudu mamia vimebanana. Vikiwa hai vinatoa vijikono, ndipo tunavitambua. Nani katia spiriti?"

"Mimi, kisioze njiani."

"Basi vyote vimejifungia ndani. Niletee kilicho hai."

"Bamvu limekwisha, baba, maji hayakupwi tena hadi kule. Shamba liko chini ya maji wiki nzima."

Bi Mize akaivuta chupa, akaigonga kwa ukucha, taratibu, kama anayebisha hodi.