Kitambaa Kilichonasa

Fundi alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mkia wa ndege, bati limembana mabega, akipangusa kebo ya usukani, ndipo kitambaa kikanasa. Nyuzi tatu za chuma zilikuwa zimekatika.

Fomu ya ukaguzi alishaisaini kabla hajaingia, kama wafanyavyo wote hapo karakana, isije ikapata grisi. Rubani, mdogo wa mumewe, alikuwa nayo kitini mwake, na abiria walikuwa wanapanda.

Akisema tu, kibarua kimeota nyasi.

Mara kebo ikaanza kuteleza: rubani alikuwa anajaribu pedali. Fundi akaikamata kwa mikono miwili, nyuzi zikimchoma viganja.

"Shemeji, mbona pedali zimegoma?"

"Hazijagoma," akasema. "Nimezishika mimi."