Mnywaji wa Dirishani

Fundi saa alichovya kidole kwenye udongo wa ua la dirishani, aone kama linataka maji. Udongo ulikuwa umeloa. Akanusa kidole.

Kahawa. Kahawa yake mwenyewe!

Miezi miwili sasa alikuwa akimpikia mkewe kikombe kila asubuhi, akiichemsha dakika kumi kamili kwa saa ya mkononi, hata sekunde isizidi. Na kila asubuhi mkewe alisema, "Nzuri, baba watoto," akaenda kunywea dirishani.

Kumbe mnywaji ni ua!

Alitaka kukasirika, lakini udadisi ukamzidi nguvu. Akaonja kikombe chake, safari hii bila ile sukari yake ya vijiko vinne. Lo! Chungu kama dawa, na harufu ya kuungua juu.

Kesho yake asubuhi akasaga kahawa upya, ya chenga kubwa kidogo. Maji yalipochemka akayaepua, akayaacha yapumue. Saa akaivua, akaitia mfukoni. Akamimina polepole, pua ikimwongoza.

"Kahawa yako hiyo, mama watoto."

"Ahsante. Nzuri," mkewe akajibu kabla hata hajaonja, akashika njia ya dirishani.

Fundi akachungulia mlangoni, roho mkononi. Mkewe akainamisha kikombe juu ya ua. Mkono ukasita. Akakisogeza puani, akanusa, akanywa funda moja. Akanywa la pili.

"Baba watoto," akaita bila kugeuka, "hii ya leo kapika nani?"