Shati Ndani ya Nailoni

Bi Zamda aliliweka shati juu ya meza ya maabara, limefungwa nailoni tatu, moja juu ya nyingine.

"Damu ya aliyemuua mwanangu imo humu. Miaka tisa nimelitunza, hata vumbi halijaligusa."

Tungaraza, mtunza vielelezo, alishindwa kutulia. Alivaa glavu, akazivua, akazivaa tena. Damu hutunzwa kwenye karatasi, ikiwa kavu. Ndani ya nailoni kitambaa hutoa jasho, damu ikaoza. Ukungu alikwisha kuuona kwenye kola.

Bi Zamda aliitazama ile mikono. "Nimekosea, baba?"

"Hapana, mama. Umelitunza."

Akalitoa shati kwenye nailoni, akafungua bahasha ya kaki, akashika mkasi, akaanza kulipekua shati kutoka kola hadi pindo, akitafuta japo mahali pa ukubwa wa ukucha palipobaki pakavu.