Ephraïm Ametafuta Nini Leo?

Asubuhi ile Ephraïm alitafuta namna ya kupika samaki wakavu bila mafuta.

Émerance aliyasoma maneno hayo kwenye kompyuta ya sebuleni, akajifunika uso kwa kitenge na kulia. Mwanawe alikuwa hai.

Kabla ya kwenda kusoma Goma, Ephraïm aliacha kivinjari cha kompyuta hiyo kimefunguliwa kwa jina lake. Tangu hapo, kila alichotafuta kwenye simu yake kilijitokeza pia hapa nyumbani, Lubumbashi. Mama alipogundua hilo, mumewe Édouard, muuzaji wa maharagwe kwa jumla, alimkaripia.

"Funga ile kintu, mama Ephraïm. Mambo ya muntu ni ya muntu. Mutoto iko mukubwa."

Alikifunga. Kisha vita vikauchukua mji wa Goma, simu ya kijana ikanyamaza, naye akakifungua tena. Kwa majuma mengi hakuona kitu.

Maneno yalirudi baada ya Désiré, dereva wa Édouard, kufika na lori kutoka mashariki na kumkabidhi Édouard kifurushi kidogo. Désiré alimwambia Émerance kwamba njia zimeharibika, akanywa maji, akaenda zake bila kumtazama usoni.

"Juu ya nini hapigi téléphone?" Émerance alimuuliza mumewe.

"Anaogopa. Kule banasikiliza téléphone ya bantu."

Édouard hakumkataza tena kuchungulia. Siku hizi yeye mwenyewe, akirudi kutoka depo, aliuliza akiwa bado mlangoni: "Leo alitafuta nini?"

Émerance alimsimulia yote. Mvua ya Goma. Matokeo ya mpira. Sala ya mtu aliyekosa usingizi. Na sasa samaki! Jana tu, mezani, yeye mwenyewe alikuwa amemlalamikia mumewe kwamba mtoto huko hapati hata samaki wakavu wa Pweto.

"Unaona? Damu inaitana," alisema jioni ile.

Édouard alisukuma sahani yake. Mashati yake yote yalikuwa yanampwaya.

"Nitaenda kumutafuta," Émerance akaendelea. "Nitapitia Zambie, Tanzanie, mpaka nifike. Mutoto iko hai, mie nabakia hapa nafanya nini?"

"Kule banaua bantu, Émerance."

"Basi baniue. Lakini nitamuona kwanza."

Édouard aliinuka mezani. Akatoka nje.

Émerance alianza kufunga mzigo. Aliweka sweta ya Ephraïm, maana Goma kuna baridi, na pakiti mbili za majani ya chai. Kupitia dirisha alimwona mumewe amekaa uani, ameipa nyumba mgongo, ameinamia simu kwa muda mrefu.

Alirudi kwenye kompyuta, amwangalie mtoto mara moja zaidi kabla ya kulala. Palikuwa na maneno mapya.

"Namna gani kuambia muke yako kama mutoto wenu alikufa."