Paneli ya Mbele

Injinia alijibanza nyuma ya nguzo ya umeme, nguzo ileile aliyokwisha kuitangazia talaka mbele ya mtaa mzima. Nyuma yake alijibanza jirani yake, muuza viatu, anatweta kwa raha.

"Si nilikwambia? Haya, jionee mwenyewe!"

Ng'ambo ya barabara, mke wa Injinia alitoka nyumbani na mkoba mkubwa, bega moja limeshuka kwa uzito. Akaangaza kushoto, akaangaza kulia, akashika njia.

"Wewe ukienda kazini tu, naye huyo, mpaka kwa kinyozi," jirani akanong'ona. "Kila siku na mkoba mzito. Mkeo anahama kidogo kidogo, bwana. Utarudi siku moja ukute kuta tupu."

Injinia alichungulia tena kando ya nguzo. Alimpenda mkewe, tusimsingizie, ingawa siku hizi aliipenda paneli yake zaidi. Tena mke akiondoka, nani atamchoma mama yake sindano ya sukari? Yeye mwenyewe akiona sindano huzimia.

Na injinia gani, jamani! Alikuwa karani wa ghala la saruji. Jina alijipa siku alipofunga umeme wa jua. Fundi alimshauri paneli ikae upande wa nyuma, juu ya choo. "Mali ya kisasa niifiche chooni?" Akamtimua fundi, akapanda paa mwenyewe, akaifunga upande wa mbele ili kila mpita njia aione. Kulikuwa na kivuli kizuri kutwa nzima cha ghorofa refu la ng'ambo ya barabara, hata jasho hakutoka.

Betri ilikuwa ya kubebeka, ina mpini. Akaichorea mstari mwekundu, ndiyo nembo yake. Kisha akaita watu wa shirika la umeme waje wachukue waya wao.

Kila jioni akirudi, taa zinawaka na friji yenye dawa ya mama inanguruma.

"Unaona kazi ya mumeo?"

"Naona, baba watoto," mkewe hujibu, huku akijikanda bega.

Sifa hazikukaa ndani. Wanaume wa mtaa wakaja kumbembeleza awafungie na wao, muuza viatu akiwa wa kwanza. Akawafungia wote, wote upande wa mbele, kila betri na mstari wake mwekundu. Kinyozi peke yake ndiye aliyekataa kuacha umeme wa nguzo. Injinia akamwita mshamba mbele ya wateja wake.

Kumbe mshamba alikuwa na mipango yake!

Walimfuata mke hadi akapotelea nyuma ya pazia la kinyozi. Injinia alisimama mlangoni.

"Labda nimsubiri tu nyumbani, tuzungumze," alisema kwa sauti ndogo.

"Uzungumze nini? Mwanaume hafanyiwi hivi," alisema muuza viatu. "Ingekuwa mke wangu, ningevunja hata mlango. Lakini wangu namjua, hawezi kunificha hata sindano."

Injinia akavuta pazia kwa nguvu, nusura ling'oke.

"Nimewafumania!"

Kinyozi alikuwa ananyoa kichwa cha mteja, hata hakugeuka. Kwenye kona, mke wa Injinia alikuwa amepiga magoti, anachomeka waya ukutani. Mkoba ulikuwa wazi kando yake, na ndani yake betri ya mpini, yenye mstari mwekundu.

"Baba watoto," alisema taratibu, "nakuomba tu usipande tena juu ya paa."

Muuza viatu alicheka hadi akashika mbavu, machozi yakamtoka. Bado alikuwa amejiegemeza mlangoni akicheka pale mke wake mwenyewe aliposukuma pazia kutoka nje, mkoba begani, na kusema, "Nipisheni jamani, hii kitu ni nzito."